Kumpokea mhamiaji mpya New Hampshire: mwongozo kwa waliotangulia

Mwongozo huu ni kwa wewe uliyekwisha kuhamia New Hampshire kupitia Free State Project, na sasa umepigiwa simu na mtu anayesema naye anakuja. Labda ni mtu mliyekutana kwenye tamasha la harakati la kila Juni. Labda ni Mtanzania aliyekaa California miaka mingi, amechoshwa na kodi na vibali, akasikia kuna Mswahili mwenzake huku. Vyovyote iwavyo, kuanzia sasa wewe ni mwenyeji wake, na kazi hiyo ina mpangilio.

Kwa msomaji asiyeijua harakati hii: mwaka 2001 Jason Sorens, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale, aliandika makala yenye hoja moja. Wapenda uhuru wa mtu binafsi Marekani wametawanyika, kwa hiyo kila mahali wanazidiwa kura. Wakikusanyika 20,000 katika jimbo moja dogo, watasikika. Mwaka 2003 watu 5,000 wa kwanza kujiandikisha walichagua kati ya majimbo kumi, New Hampshire ikashinda na Wyoming ikawa ya pili. Sahihi ya 20,000 ilipatikana Februari 2016. Anayetia sahihi anaahidi kuhama, na akishafika, kujitahidi kadiri awezavyo kujenga jamii ambamo kazi ya serikali haizidi kulinda uhai, uhuru na mali ya mtu. Nembo yao ni nungunungu, mnyama asiyemchokoza mtu, ila anayemvamia atajuta.

Kutia sahihi na kuhama ni mambo mawili, na waliohama ni wachache kuliko waliotia sahihi. Kuhama na kubaki ni mawili mengine. Hoja ndiyo inayomtoa mtu California. Kitakachomfanya awe bado yupo hapa mwaka wa tatu ni majirani, nyumba yenye joto, na kujua kwamba kuna mtu atakayemfungulia mlango. Mtu anayetaka serikali ifanye machache lazima awe tayari kufanya mengi yeye mwenyewe kwa ajili ya mwenzake, na mgeni anayewasili ndiye wa kwanza kutupima kama tunamaanisha tunachosema.

1. Mwambie ukweli kabla hajatoa notisi kwa mwenye nyumba wake

Anza na kodi, maana hapo ndipo wageni wengi hudanganyika, tena bila mtu kukusudia kuwadanganya. Wamesikia "New Hampshire hakuna kodi." Ziko. Ni kweli kwamba jimbo halitozi kodi ya mapato kwenye mshahara, wala hakuna kodi ya jumla ya mauzo, na ile kodi ya riba na gawio ilifutwa kuanzia Januari 1, 2025. Lakini shule na shughuli za miji zinaendeshwa zaidi kwa kodi ya majengo na ardhi, nayo ni miongoni mwa kubwa zaidi nchini Marekani. Chakula cha hotelini na chumba cha kulala wageni vinatozwa asilimia 8.5. Pombe kali inauzwa na maduka ya jimbo lenyewe, jambo ambalo mpenda uhuru akiligundua hupigwa na butwaa. Na kodi ya mapato ya serikali kuu ya Washington inamfuata mtu popote aendapo.

Kwa hiyo mfundishe kusoma kiwango cha kodi cha kila mji. Kinaandikwa kama dola kadhaa kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba, na miji miwili inayopakana inaweza kutofautiana sana. Nyumba iliyo rahisi kununua inaweza kuwa katika mji wenye kodi nzito, na mnunuzi asiyepiga hesabu anashtuka bili ikifika. Mpangaji naye asijidhani amepona. Kodi ile iko ndani ya pango lake.

Nyumba zenyewe ni adimu. Asije na lori akitarajia kutafuta akiwa hapa. Ushauri wangu, na ninausimamia: apange nyumba mwaka mzima kabla ya kununua, hata kama ana fedha mkononi. Manchester ina kazi, hospitali, na watu wa kila namna. Portsmouth na pwani ni pazuri na ghali. Keene ina wanaharakati wengi wa wazi na siasa za kelele. Kaskazini kule ardhi ni nafuu, lakini kazi ni chache na safari ya hospitali ni ndefu. Mtu hawezi kujua anakotaka kuishi kabla hajapita baridi moja hapa.

Na kwa Waswahili wenzangu, jambo hili lisemwe mapema bila kuzunguka: harakati hii haitoi viza, wala jimbo la New Hampshire halina uwezo huo. Mambo ya uhamiaji yako mikononi mwa serikali kuu. Anayekuja awe tayari ana haki ya kuishi Marekani. Kama kuna ndugu yuko Mombasa au Bukavu anauliza kama kutia sahihi kutamsaidia kupata makaratasi, jibu ni hapana, na umpe jibu hilo siku hiyohiyo asije akauza shamba.

2. Uliza nani mwingine anakuja, na kama anataka kuja

Katika nyumba nyingi zinazohama kwa ajili ya harakati, kuna mmoja aliyeamua na mwingine aliyefuata. Aliyeamua amesoma kila kitu, ana marafiki wa mtandaoni wanaomsubiri, na siku ya kwanza tu anajiona amefika nyumbani. Aliyefuata ameacha kazi, mama yake, kanisa au msikiti wake, na fundi wa nywele anayemwamini. Wageni wanaporudi walikotoka, mara nyingi huyu wa pili ndiye aliyeshindwa, na hakuna aliyemuuliza mapema.

Piga simu ya pili ukizungumza naye peke yake. Usimhubirie. Muulize anafanya kazi gani, watoto wana umri gani, wanasali wapi, anapenda kufanya nini jioni. Kisha tafuta mtu mmoja anayefanana naye, si lazima awe mwanaharakati, na umwombe awe tayari kumpokea. Muuguzi umtafutie muuguzi. Mama mwenye watoto wadogo umtafutie mama mwenye watoto wadogo. Kama ni familia ya Kiswahili, Manchester na Concord zimepokea wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda kwa miaka mingi, na zipo nyumba ambamo atasikia "karibu" akajua imetoka moyoni. Watu hao hawakuja kwa ajili ya siasa za uhuru, walipangiwa kuja. Lakini wanajua kitu ambacho vitabu vya harakati havifundishi: namna ya kutoka nchi ya joto na kuimaliza baridi ya kwanza ukiwa mzima. Wanajua duka la mitumba lenye makoti mazito, wanajua daktari mwenye subira, wanajua unga unapatikana wapi.

Watoto waulizwe pia. Wazazi wengine huja kwa sababu hapa kusomesha nyumbani ni jambo la kawaida, na tangu 2021 jimbo lina akaunti za elimu zinazomwezesha mzazi kutumia fedha za umma kulipia shule binafsi au masomo ya nyumbani. Kwa mzazi hiyo ni habari njema. Mtoto wa miaka kumi na tatu habari anayoitaka ni moja: nitacheza na nani? Mpatie jina la mtoto mmoja kabla hajafika.

3. Siku ya lori

Hapa harakati ina desturi nzuri kuliko zote nilizoziona kwa wahamiaji wa Marekani. Mgeni anatangaza siku na saa, na watu ambao hajapata kuwaona wanakuja kumshushia mizigo. Lori ambalo familia ingelihangaikia siku mbili linakuwa tupu kabla ya chakula cha mchana. Desturi hii ilindwe, na ifanywe vizuri.

Mtu mmoja tu ndiye awe msemaji wa siku hiyo, naye ni wewe. Wiki moja kabla, pita kwenye nyumba yenyewe. Pima mlango na kona ya ngazi, uone kama kochi litapita. Angalia lori litaegeshwa wapi; katika miji mingi ni marufuku kuegesha barabarani usiku wakati wa baridi, na gari lililoachwa linavutwa. Kama ni kati ya Novemba na Machi, leta chumvi ya kuyeyusha barafu na koleo la theluji, na usafishe njia kuanzia lori hadi mlangoni kabla mtu hajabeba kitu. Tafuta toroli mbili, kamba, mablanketi ya kufunikia samani, na glavu. Watu wanane wanatosha. Ishirini wanagongana na kupiga soga.

Anwani ya mgeni usiirushe kwenye kundi la simu lenye mamia ya watu. Wape waliothibitisha kuja, mmoja mmoja. Usimpige picha wala usiweke jina lake popote bila ruhusa yake. Wengi wanaovutiwa na harakati hii ni watu wanaoithamini faragha kuliko kitu kingine, na wengine wana waajiri ambao hawajui wanachokiamini.

Mgeni mwenyewe asibebe. Asimame ndani aelekeze: hili jikoni, lile chumba cha watoto. Vitanda vifungwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na mashuka yatandikwe, maana ikifika saa mbili usiku familia hiyo haitakuwa na nguvu ya kutafuta bisibisi. Kabla watu hawajatawanyika, mwonyeshe mgeni vitu vinne na aviguse kwa mkono wake: swichi kuu ya umeme, koki kuu ya maji, kipimo cha mafuta ya kupashia nyumba joto, na ving'ora vya moshi na vya kaboni monoksidi. Vijaribu vyote vikilia. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi inaua watu katika nchi za baridi, wakiwa wamelala.

Chakula kije na wenyeji. Kama mgeni ni Mswahili, mpe pole ya safari, msalimie mama yake mzazi kwa shikamoo kama kaja naye, na mlishe kabla ya kumuuliza lolote. Kama ni Mmarekani, fanya kitu kimoja ambacho kwetu kingeonekana ubaridi: uliza waziwazi kama anataka watu wabaki au waondoke. Akisema amechoka, ondokeni wote mara moja. Ila mrudie baada ya siku tatu, kwa kumpigia kwanza. Harakati ni hodari sana siku ya lori na hulegea sana wiki ya tatu, wakati shamrashamra zimeisha na mgeni amekaa kati ya maboksi hajui jirani hata mmoja.

4. Siku sitini za makaratasi

Mkazi mpya ana siku 60 za kubadilisha leseni ya udereva na kusajili gari lake. Usajili wa gari unaanzia kwa karani wa mji anaoishi, si kwenye ofisi ya jimbo, na atalipa sehemu mbili: ya mji, inayotegemea bei ya gari lilipokuwa jipya na umri wake, na ya jimbo. Aende na uthibitisho wa makazi na hati za gari. Nenda naye. Karani wa mji ni mtu ambaye atamwona kila mwaka kwa muda wote atakaoishi hapo, na salamu ya kwanza ina thamani kuliko fomu.

Kibao cha namba atakachopewa kina maneno "Live Free or Die", yaani ishi huru au ufe. Yametoka kwa Jenerali John Stark, aliyeyaandika mwaka 1809. Msimulie na habari ya George Maynard, Shahidi wa Yehova wa mji wa Claremont, aliyeyafunika maneno hayo kwenye gari lake kwa sababu imani yake haikukubaliana nayo. Alitozwa faini, akakataa kulipa, akafungwa siku 15. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha mtu kutembea na kaulimbiu asiyoiamini. Ninaipenda habari hiyo kuliko hotuba zote za harakati, kwa sababu aliyeutetea uhuru hapo alikuwa mkazi wa kawaida aliyekuwa akiishi humu kabla yetu.

Bima ya gari. Sheria ya New Hampshire haimlazimishi kila dereva kuwa na bima, na mtu mzima halazimiki kufunga mkanda. Mgeni mchangamfu huyapokea mambo haya mawili kama zawadi, akaiacha bima yake wiki ya kwanza. Mkalishe chini. Anayesababisha ajali anadaiwa hasara yote, na akishindwa kulipa anaweza kupoteza leseni. Barabara hizi zina barafu isiyoonekana. Kutolazimishwa kununua bima hakukupi gari jipya wala hakulipi hospitali ya uliyemgonga. Anunue bima, na afunge mkanda kwa hiari yake mwenyewe.

Kupiga kura ni kwa raia wa Marekani tu. Raia anayeishi mjini anaweza kujiandikisha hata siku yenyewe ya uchaguzi, lakini tangu Novemba 2024 ni lazima aonyeshe hati ya uraia, kama vile pasipoti au cheti cha kuzaliwa. Na hapa ninasema kwa msisitizo, maana nyumba za Waswahili mara nyingi zina mchanganyiko wa hadhi: mama raia, baba ana kadi ya ukaazi, mjomba yuko kwa viza ya masomo. Asiye raia asijaze fomu ya mpiga kura, hata kama amepewa kwa makosa na mtu mwenye tabasamu. Ni kosa la jinai na linaweza kumfukuzisha nchini.

Vivyo hivyo na mambo mawili yatakayoonekana ya kawaida kwenye mikusanyiko ya harakati. Tangu 2017 jimbo halidai kibali cha kubeba bastola iliyofichwa, lakini sheria ya serikali kuu inawakataza wengi wenye viza za muda kushika silaha. Na bangi, ingawa jimbo liliacha mwaka huohuo kuhesabu kiasi kidogo kuwa jinai, kwa serikali kuu bado ni haramu, na asiye raia anaweza kuipoteza kadi yake ya ukaazi kwa ajili hiyo. Rafiki raia anayemwambia "hapa ni huru" hasemi uongo. Anasema habari zake mwenyewe.

5. Mwandae kwa baridi kuanzia Septemba

Nyumba nyingi hapa zinapashwa joto kwa mafuta yanayoletwa na lori hadi kwenye tangi lililo chini ya nyumba. Tangi la kawaida linaingia galoni 275. Mfundishe kuagiza likiwa bado na robo, kwa sababu likikauka kabisa si suala la kujaza tu. Mashine inaingiwa hewa na inabidi fundi aje, usiku, Januari, kwa bei ya usiku wa Januari. Na nyumba ikipoa, mabomba ya maji yanaganda na kupasuka. Akisafiri asizime joto, alipunguze tu.

Anayetumia jiko la kuni anunue kuni mwaka mmoja kabla ya kuzichoma, au anunue zilizokauka na azikague mwenyewe: gogo kavu lina nyufa kwenye ncha na likigonganishwa na jingine linatoa mlio mkali. Kuni mbichi zinajaza bomba la moshi masizi yenye lami, na masizi hayo ndiyo yanayowaka moto ndani ya bomba. Kuni zinauzwa kwa kipimo kiitwacho kwa Kiingereza cord, futi za ujazo 128, na wauzaji wengine wanapunja. Panga naye rundo la kwanza, mpime pamoja.

Umeme unakatika. Desemba 2008 dhoruba ya barafu iliwaacha wateja zaidi ya 400,000 wa jimbo hili gizani, wengine kwa takribani wiki mbili. Kama maji yake yanatoka kisimani kwa pampu, umeme ukikatika na maji yamekatika. Awe na ndoo, taa, chakula kisichohitaji jiko, na kama ana jenereta asiiwashe kamwe ndani ya nyumba wala ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi.

Gari lifungwe tairi za theluji. Na kabla ya kuondoka asubuhi lisafishwe lote, pamoja na paa. Ni sheria, kwa sababu pande la barafu likichomoka kwenye gari lako barabara kuu linaweza kumuua aliye nyuma.

Jambo lisilotajwa sana ni giza. Desemba jua linazama saa kumi na robo jioni. Mtu aliyezaliwa Kigoma au Miami hajui mwili wake utafanya nini na giza hilo. Anaanza kulala sana, hataki simu, anajiona amefanya kosa kuhama. Kati ya mwisho wa Novemba na Machi weka siku moja kila wiki ya kula naye, siku isiyobadilika, na usingoje akuombe. Anayehitaji zaidi ndiye asiyeomba.

Masika ya huku yana yake. Barabara za udongo zinageuka tope Aprili, nzi weusi wanauma kuanzia Mei, na kupe wanaambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo familia nzima ijikague mwili kila inapotoka kwenye nyasi. Vyombo vya kulishia ndege vilivyo nje viingizwe ndani kabla ya Aprili kuanza, maana dubu wameamka na njaa.

6. Mpeleke dampo kabla hujampeleka kwenye mkutano wa harakati

Katika miji midogo taka hazikusanywi majumbani. Kila mtu anapeleka zake, na Jumamosi asubuhi dampo ndilo baraza la mji. Hapo utamkuta mjumbe wa halmashauri, mkuu wa zimamoto ya kujitolea, mwalimu mstaafu anayejua mpaka wa kila kiwanja. Mtambulishe mgeni kwa jina na kwa nyumba anayoishi. Basi. Usimtambulishe kwa harakati. Akiulizwa kama ni wa Free State aseme ukweli bila kujificha, lakini kitu cha kwanza wamjue kama jirani.

Ninasisitiza kwa sababu ya yaliyotokea Croydon, mji wa watu wapatao 800. Machi 12, 2022, kwenye mkutano mkuu wa mji, mmoja wa wafuasi wa harakati alisimama akapendekeza bajeti ya shule ipunguzwe kutoka dola milioni 1.7 hadi 800,000. Waliokuwepo walikuwa wachache. Hoja ikapita kwa kura 20 dhidi ya 14. Wazazi walipopata habari, mji ukachemka. Ukaitishwa mkutano wa pili ambao ili uwe halali ulihitaji zaidi ya nusu ya wapiga kura wahudhurie, na Mei 7 walihudhuria. Bajeti ikarudishwa kwa kura 377 dhidi ya 2.

Sheria haikuvunjwa. Hoja ya kwamba kodi ni kubwa na shule zinaweza kuendeshwa kwa njia nyingine si ya kipuuzi, na wapo wakazi wa zamani wanaoikubali. Lakini ilipitishwa juu ya watu bila kuzungumza nao, na mpenda uhuru kuliko mtu yeyote alipaswa kuona ubaya wa hilo. Baada ya Croydon, kila mgeni anayeshuka kwenye lori anabeba deni ambalo hakukopa. Majirani wanamwangalia wakijiuliza kama amekuja kuishi nao au kuwatawala.

Kwa hiyo mkutano mkuu wa kwanza wa mji, ambao kwa desturi huangukia Jumanne ya pili ya Machi au siku za karibu yake, aende akakae, asikilize, apige kura kama ni raia, na asiombe nafasi ya kusema. Mletee orodha ya ajenda mapema muisome pamoja, ajue ni kitu gani cha ajabu kinafanyika: wakazi wenyewe, si wawakilishi, wanapiga kura kama mji ununue gari la kuondolea theluji. Demokrasia ya namna hii ina umri mkubwa kuliko Marekani yenyewe. Asikilize wazee wanavyobishana juu ya daraja moja kwa saa nzima na kisha wanapeana mikono.

Kanuni ndogo azijue pia, kama vile kwamba kuchoma majani nje kunahitaji kibali cha msimamizi wa moto wa mji, isipokuwa ardhi ikiwa imefunikwa na theluji. Jirani atakayeona moshi ataita zimamoto, na hao zimamoto ni majirani waliotolewa mezani.

7. Siku ya tatu, jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mpe jembe la kumfaa. Wako watakaotaka siasa, na New Hampshire inawapa nafasi kuliko jimbo lolote: bunge la chini lina viti 400 kwa watu milioni 1.4 hivi, mshahara ni dola 100 kwa mwaka, na katiba inataka mgombea awe ameishi jimboni miaka miwili tu. Wafuasi wa harakati wamekwisha chaguliwa mara nyingi. Miaka hiyo miwili ya kungoja ni baraka, atakuwa na muda wa kujua watu anaotaka kuwawakilisha.

Wengine hawataki siasa kabisa, na usiwasukume. Kuna kamati ya bajeti ya mji inayotafuta mtu wa hesabu. Kuna bodi ya maktaba. Kuna zimamoto ya kujitolea, ambayo kwa macho yangu ni kazi bora kuliko zote kwa mgeni mwenye afya, kwa sababu inafanya anachokihubiri: watu wanaookoana bila kulazimishwa. Kuna Shire Sharing, kundi la kujitolea linalofunga vyakula vya sikukuu ya Thanksgiving na kuvipeleka kwa familia zenye uhitaji bila senti ya serikali. Anza naye huko Novemba ya kwanza. Na kuna mama mjane wa nyumba ya pili ambaye theluji imeziba mlango wake.

Tamasha la Juni, Porcupine Freedom Festival, hufanyika Lancaster, kaskazini mwa jimbo, katika kambi ya Roger's. Mpeleke. Atakula chakula kilicholipiwa kwa vipande vya madini ya fedha au kwa sarafu ya kidijitali ya bitcoin, atasikia mijadala ya kila namna, na ataona watoto wakifanya biashara zao ndogo kwa uzito wote. Ila mwambie kabla kwamba mle kuna watu wenye misimamo inayopingana vikali, na hakuna mmoja anayesema kwa niaba ya wote.

8. Mkinge

Mtu aliyetoka kuuza nyumba California ana fedha benki na hajui watu. Wapo watakaomfuata na biashara, mkopo, sarafu mpya ya kidijitali, kiwanja cha kununua kwa ubia. Mpe kanuni moja: miezi sita ya kwanza asiingize fedha katika mradi wowote wa mtu aliyemfahamu hapa, akiwemo wewe. Na wewe usimkope wala usimuuzie kitu. Aliyekushushia mizigo akikudai fedha, hujui tena kama alikuja kama rafiki.

9. Akiamua kuondoka

Wengine wataondoka. Kazi itakosekana, mzazi ataugua kule alikotoka, au baridi itamshinda. Asifanywe msaliti. Mtu aliyekuja kwa hiari ana haki ya kuondoka kwa hiari, na siku hiyo wapakiaji wawe wengi kama walivyokuwa washushaji. Muulize kama nyumba yake bado haina mpangaji, maana kuna mwingine anatafuta. Kisha muulize maswali mawili, ukiandika majibu: ni kitu gani alikikosa hapa, na ni kitu gani aliambiwa kabla ya kuja ambacho hakikuwa kweli. La pili lifikishe kwa wale wanaojibu simu za wageni, walirekebishe kabla mwingine hajatoa notisi.